Kwa Nini Tulikifungia Kitabu cha Nesi

Mwaka juzi alinijia kijana mmoja wa chuo kikuu, shati limenyooshwa, simu mkononi tayari kurekodi. Alisema anatafiti kwa nini riwaya zinazogusa maadili ya tiba na mambo ya familia hupigwa marufuku. Alikuwa amesikia kwamba maktaba ya kijiji chetu, huku juu ya Soni, iliwahi kufungia kitabu cha namna hiyo mwaka 1978, na kwamba mimi, Salma, ndiye niliyekuwa mtunza maktaba. Akataka nimwambie serikali ilituandikia barua gani. Nikamwambia serikali haikujua lolote, tulikifungia wenyewe. Nikaona uso umemshuka. Alikunywa chai yangu, akala peasi nne, akauliza kama ni kanisa au msikiti uliolalamika, kisha akaondoka kuwahi basi la Lushoto kabla sijafika hata katikati ya maelezo.

Basi naandika mwenyewe. Nina wanawake wawili wa kuwashukuru, na wote wameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo shukrani zangu sina pa kuzipeleka isipokuwa hapa.

Wa kwanza ni Nesi Secilia. Alizaliwa upande wa Gare, akasomeshwa ukunga na masista, akaletwa kwenye zahanati yetu mwaka 1957 akiwa na sanduku la bati na baiskeli. Ile baiskeli ilitupa watu kicheko cha miaka mingi. Kwetu huku ukitoka mlangoni unapanda au unateremka, hakuna la tatu, na Nesi akawa anaisukuma kwenda na anaishikilia kurudi. Alikuwa mfupi, ana sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, na hakuogopa mwanamume. Mume akichelewa kumleta mkewe mwenye uchungu, alikuwa anasemwa pale pale mlangoni mbele ya wakwe zake. Hakuolewa. Wapo waliosema alikosa mchumba. Mimi nasema alikuwa na shughuli.

Alikuwa na daftari kubwa la watoto. Kila mtoto aliyezaliwa kijijini alikuwa na ukurasa wake: uzito, chanjo, siku aliyokaa, siku aliyosimama, na meno. Hayo ya meno masista hawakumfundisha. Aliyaongeza mwenyewe baada ya kukaa nasi mwaka mmoja, kwa sababu aligundua kwamba sisi, katika mwili mzima wa mtoto, hakuna tulichokiangalia kwa hofu kama ufizi.

Wageni huenda hawajui. Mtoto akiota meno ya juu kabla ya ya chini, huyo ni kigego, na wazee wetu waliamini kigego anawaletea ndugu zake vifo. Zamani za mababu hakuachwa aishi. Wakati wa Nesi mambo hayo yalikuwa yamekatazwa na kila dini na kila serikali, na hakuna aliyethubutu waziwazi. Lakini kulikuwa na njia za kimya. Mtoto huyo alipewa uji mwepesi kuliko wenzake, akiugua hapelekwi haraka, na akipona, basi kila msiba utakaoingia nyumbani utaandikwa kwa jina lake mpaka azeeke.

Wa pili ni bibi yangu, Bibi Mwanamisi, mama yake baba. Baba alifariki mwaka 1963, lori la mboga alilopanda lilipopinduka kwenye kona za kuteremkia Mombo. Nilikuwa na miaka miwili. Mama alirudi kwao Mlalo, baadaye akaolewa tena, nami nikabaki mikononi mwa bibi. Bibi macho yake yalikuwa mabovu. Hakuwa kipofu kabisa, alitembea mwenyewe uani na aliweza kupika, ila alisema anaona ukungu mtupu. Tangu nipate akili mimi ndiye niliyemtungia uzi kwenye sindano, nikamchambulia mawe kwenye maharage, nikamshika mkono kwenye njia ya kisimani. Kila Alhamisi, akishafunga kliniki, Nesi Secilia alipanda kwetu na mrija wa dawa ya macho, akamkalisha bibi kwenye kigoda na kumpaka. Bibi alikunja uso, akalalamika kwamba inawasha, na Nesi alimsema kama mtoto. Miaka nenda rudi hakukosa Alhamisi, hata mvua za masika zikikata njia. Niliona ni wema wa ajabu kwa mtu ambaye si ndugu yake, wala si wa dini yake.

Nilipomaliza darasa la saba nikachaguliwa kusaidia darasa la elimu ya watu wazima na kutunza maktaba ya kijiji. Maktaba yenyewe ilikuwa kabati moja la mbao ya mgrevilea katika chumba kando ya ofisi ya chama, lakini kwangu ilikuwa maktaba. Mchana, watu wakishatoka shamba, tulikaa na kusoma kitabu kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, mimi nikikitia Kishambaa palipokuwa pagumu. Bibi hakujiunga kusoma, alisema herufi na macho yake wapi na wapi. Alikuja kusikiliza tu, akikaa nyuma na akina mama wenzake.

Ndipo ikafika riwaya moja kwenye furushi la vitabu kutoka mjini. Jalada lilikuwa limeng'oka, hivyo tukaiita kitabu cha nesi. Ilihusu nesi wa kijijini anayeletewa mtoto aliyeota meno ya juu, naye anaiambia familia uongo ili mtoto aishi. Halafu kitabu kizima kinauliza: alikuwa na haki gani? Mtoto ni wa nani, wa ukoo wake au wa huyo mwenye koti jeupe? Mwandishi hakujibu. Alikuwa na akili, maana sisi tulijibu kwa niaba yake, tena kwa kelele. Kwa wiki mbili watu hawakuzungumza kingine kwenye soko la viazi. Waliokuwa hawajawahi kukanyaga darasani walikuja na vigoda vyao.

Tulipofika sura ya sita, Mzee Yohane, mzee wa kanisa na mjumbe wa halmashauri ya kijiji, alipeleka malalamiko. Sitamfanyia ubaya kwa kuwa ameshakufa na hawezi kujibu. Hakuwa mjinga. Hakusema vigego wauawe, Mungu apishe mbali. Alisema kitabu kinawafundisha watumishi wa zahanati kusema uongo, na kijiji ambacho hakiamini daftari la zahanati kitarudi kwa waganga. Leo kaandika uongo wa meno, alisema, kesho ataandika uongo wa nini?

Mwenyekiti wetu, Mzee Athumani, aliitisha kikao siku ya Jumamosi alasiri, cha wazi, kila mtu ahudhurie. Mimi nikawekwa mwandishi wa kumbukumbu. Karatasi ilikuwa imeshapigwa chapa kwenye ofisi ya kata. Ilisema kwamba Nesi Secilia, kama mtaalamu, anathibitisha kuwa hakuna mtumishi wa afya anayeweza kutenda jambo lililoelezwa kitabuni, kwa hiyo kitabu ni cha uongo na kinapotosha umma. Kilichobaki ni sahihi yake. Kitabu kiondolewe, mambo yaishe, watu warudi kwenye palizi.

Nesi aliisoma karatasi mara mbili. Akachukua kalamu, akaishika kitambo, kisha akairudisha mezani.

"Ndugu Mwenyekiti, siweki sahihi," alisema. "Nimefanya mwenyewe."

Mzee Athumani alidhani hakusikia vizuri, akamwomba arudie. Nesi akarudia. Akaeleza kwamba katika miaka ishirini na moja aliyokaa kwetu ameletewa watoto sita walioota ya juu kwanza, na wote sita aliwaandika kwamba wameota ya chini, na daftari likishasema hakuna aliyechungulia tena. Wote wako hai. Halafu, naona aibu kusema, tukaanza kuangaliana midomoni.

Mzee Yohane alimwuliza, kwa upole kabisa, kwa nini asiweke tu sahihi, maana hakuna aliyekuwa akijua. Jibu la Nesi ninalo neno kwa neno kwa kuwa niliandika.

"Nikiweka sahihi hapa nitakuwa nimedanganya tena," alisema, "na safari hii hakuna mtoto wa kuokoa."

Akasema na lingine, sauti yake ikiwa imepungua. Alisema la mtoto wa kwanza ndilo linalomsumbua. Lilikuwa mwaka wa Uhuru wenyewe, wiki ambayo watu walikuwa wanapaka chokaa mawe ya barabarani, naye alikuwa mgeni bado, na alimdanganya mtu mzima aliyemwamini. Watano waliofuata alikuwa ameshazoea, lakini yule mtu mzima, kila anapomwona anaona haya.

Sasa kikao kikabadilika. Kumbe hatuna kesi ya kitabu tena, tuna kesi ya Nesi. Mwenyekiti alisema kughushi daftari la serikali si jambo lake kulisamehe, itabidi apeleke taarifa wilayani, na huko mtu hufukuzwa kazi. Labda, akasema, wakipatikana hao waliodanganywa wakasema hawana malalamiko, mzigo utapungua. Akamtaka ataje majina. Nesi akakataa. Mwenyekiti akamwambia afikirie pensheni yake. Nesi akasema ameshaifikiria, na jina hasemi. Herufi zangu kwenye karatasi zilianza kupanda mlima. Huyu alikuwa ndiye mkunga wangu mimi, na wa nusu ya watu waliokuwa mle ndani, na tulikuwa tunamtazama anavyoondoka.

Ndipo nyuma, kwa akina mama, bibi yangu akasimama. Alisema kwa Kishambaa, mimi nikaandika kwa Kiswahili.

"Mwanangu Secilia," alisema, "hukunidanganya."

Nesi aliweka mkono mdomoni. Mimi niliendelea kuandika, kwa sababu nilikuwa bado sijaelewa. Mkono ulikuwa mbele ya akili.

Bibi alieleza bila haraka, jinsi anavyoeleza mtu anayesimulia safari ya sokoni. Asubuhi hiyo ya mwaka wa Uhuru alikuwa anamwosha mjukuu wake, mtoto akapiga mwayo, akaona meno mawili meupe juu. Ukooni kwetu kuna sheria: anayeyaona ndiye anayesema, kwa baba wa mtoto na kwa wazee, na akishasema neno halirudi. Akiona na kunyamaza, laana ni yake. Sasa atafanyaje? Akakaa na mtoto mapajani mpaka maji yakapoa. Mwisho akaona njia moja tu, kwamba mtu asiyeona hana la kusema. Basi akasema haoni. Alianza kutoona asubuhi ile ile. Akajigonga makusudi kwenye mlango mbele ya mume wake, akamfunika mtoto kanga mpaka mdomoni, akateremka naye zahanati.

"Nikakwambia macho yangu yameingia ukungu," alimwambia Nesi. "Niangalizie meno yameotea wapi, uandike. Nilikuwa nakuangalia usoni, mwanangu. Niliona ulivyoshtuka, nikaona na ulivyoandika. Ukasema ya chini. Nikasema ahsante, na ahsante yangu ilikuwa ya kweli."

Mzee Yohane alisema, samahani Bibi, lakini macho yako sote tunayajua.

"Yohane," bibi alisema, "kifungo chako cha tatu umekitia tundu la nne tangu ulipoingia hapa."

Chumba kizima kilimgeukia. Ilikuwa kweli. Kicheko kilichotoka pale kilimpata hata Mwenyekiti, na nadhani ndicho kilichomwokoa Nesi kuliko sheria yoyote. Mzee Yohane mwenyewe alicheka, akajifunga upya. Lakini alikuwa mtu wa kushikilia jambo lake, akauliza tena: na msiba, je? Si mwanao alikufa miaka miwili baadaye?

Pale pale kalamu yangu ikasimama. Mtoto aliyefiwa na baba miaka miwili baada ya Uhuru alikuwa mmoja tu kwenye nyumba yetu, naye alikuwa ameketi mezani na daftari la kumbukumbu.

"Alikufa," bibi alisema. "Lori lilikatika breki. Salma alikuwa nyumbani anakula ndizi. Nilimzika mwanangu, watu wakawa wanatafuta mchawi, na mimi nilikuwa na jina la kuwapa. Sikuwapa. Kama ni kosa, la kwangu. Huyu nesi aliandika nilichomwomba, basi muandikieni huko wilayani kwamba mwenye mtoto hana malalamiko."

Mwenyekiti alinitazama, akaniambia kwa sauti ndogo, mwanangu, hilo la jina usiliandike. Nikamwambia nimeshaandika. Nilikuwa nimelia juu ya karatasi, lakini nilikuwa nimeandika.

Taarifa ya wilayani haikupelekwa. Mzee Yohane ndiye aliyeomba isipelekwe, na hilo namshukuru. Aliuliza tu, basi katika daftari lile tuamini nini, naye Nesi akajibu kwamba uzito wa watoto wote ameandika sawasawa. Nilidhani sasa kitabu kimepona. Nesi alikuwa amehatarisha kazi yake ili kisiitwe cha uongo, na kila mtu alikuwa ameona kwamba si cha uongo. Lakini bibi yangu alikuwa hajakaa. Alisema kitabu kifungiwe.

Watu walishangaa. Yeye akasema wamebaki watano. Huyu wake ameshamtaja kwa sababu anaye mtu wa kumsimamia, lakini hao wengine hakuna anayejua wako nyumba gani, na wakiendelea kusomewa kitabu kile kila mchana, watu wataendelea kuhesabu midomo. Kifungiwe mpaka wote waoe na waolewe. Nesi akainua mkono kuunga mkono. Ikapita.

Ikabaki kuandika sababu. Mwenyekiti alifikiri, akaniamuru kumbukumbu zile nibaki nazo mwenyewe, na kwenye faili la kijiji niandike kwamba kitabu kimeondolewa kwa kuwa kurasa zake zimelegea. Ndivyo ilivyo kwenye faili mpaka leo. Yule kijana wa chuo angelitafuta faili hilo angelikuta hilo la kurasa, akaenda kutoa mhadhara juu ya uhaba wa gundi wakati wa Ujamaa. Mimi sipendi vitabu vifungiwe, na nimegombana na watu wengi juu ya hilo katika kazi yangu. Ila nimeona kwamba riwaya ya namna ile haifungiwi kwa sababu imesema uongo. Inafungiwa kwa sababu waliosemwa ndani yake bado wameketi chumbani. Kile kimoja nakubali kilifungiwa kwa haki, kwa muda.

Nilikirudisha mwenyewe mwaka 1990, bila kikao, wiki ambayo Nesi aliniambia kwamba wa mwisho ameolewa. Kwa miaka miwili hakuna aliyekiazima. Mimi mwenyewe palikuwa na mtu wa Bumbuli aliyekuwa amepeleka barua ya posa, akasikia habari ya meno, akaacha. Nilimlilia wiki nzima. Baadaye nikaja kumjua vizuri, nikamshukuru Mungu kwa meno yangu. Nesi alistaafu kwa heshima, pensheni yake akaipata yote, akabaki kwetu mpaka mwisho, na siku ya maziko yake waliobeba jeneza walikuwa ni watu aliowapokea kwa mikono yake.

Lakini nilikuwa nasimulia ile Jumamosi. Kikao kilipoisha tulipanda nyumbani sisi watatu. Tulipofika njia panda Nesi akamgeukia bibi kwa hasira ya kweli kabisa. Alimwuliza, miaka kumi na saba, Bibi, kila Alhamisi, nakutia dawa kwenye macho mazima, kwa nini hukuniambia? Bibi akasema angesema vipi, wakati Nesi naye alikuwa anaficha? Akasema pia kwamba ile dawa ilikuwa inawasha sana. Nesi akaketi kwenye ukingo wa njia, akacheka mpaka akalia, na mimi na bibi tukamsubiri.

Mimi sikucheka. Kilichokuwa kinanikereketa moyoni ni kingine. Utoto wangu wote nilijua kwamba mtu anayenipenda kuliko wote hajawahi kuuona uso wangu. Nilikuwa nikimwelezea nilivyo. Nikiwa mdogo nilikuwa nachukua mkono wake nauweka shavuni, ili ajue. Nikamwuliza mbele ya Nesi, kwa ukali ambao sijawahi kuutumia kwake kabla wala baada: ulikuwa unaniona?

Bibi alinishika kidevu akanitazama wazi, bila kupapasa, mara ya kwanza maishani mwangu.

"Kila siku," alisema. "Ile siku ya kwanza ulipovaa sare ya shule, ukaniuliza Bibi, nimependeza? Nikasema sijui, mjukuu wangu, sioni. Ulikuwa umependeza, Salma. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu mtu asiyeona hawezi kusema."

Nesi akainuka, akapangusa gauni lake vumbi, akasema twendeni, giza lisitukute njiani. Bibi akatangulia mbele, peke yake, akiruka mizizi ya njia upesi upesi kama msichana, na sisi wawili tukawa nyuma tunahema kumfuata.